Kompyuta Isiyochunguliwa na Mtu

Niliwahi kusimama mbele ya ukumbi mzima nikasema mpiga picha hahitaji antivairasi, na watu wakanipigia makofi. Ilikuwa semina ya wasanii na wabunifu, Jumamosi asubuhi, pamoja na chai na mahamri. Binti mmoja mchoraji wa mabango aliuliza kwa upole kama sisi wenye kazi za ubunifu tunazihitaji kweli hizo programu za kukinga virusi, au ni mambo ya maofisini tu. Mwalimu hajafungua mdomo, mimi nishanyanyuka. Nikasema kwangu mimi hiyo programu ndiyo virusi vyenyewe. Inakaa ndani ya kompyuta yako mchana kutwa ikifungua kila faili na kuikagua, na picha zangu si za kukaguliwa na mtu. Wanawake waliokuwa ukumbini walinielewa mara moja. Walipiga makofi mpaka mwalimu akacheka na kuhamia swali jingine.

Yule binti alikaa chini akiwa amefedheheka. Sikumwomba radhi, na mpaka leo sijui nitampata wapi.

Kazi yangu ni kupiga picha za wanawake, na wanawake peke yao. Hapa kwetu Mji wa Kale, Mombasa, harusi ina siku ambazo mwanamume haonekani hata mlangoni: siku ya hina, siku ya kupamba. Mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachiliwa, na bibi wa miaka sabini ambaye barabarani humjui ila kwa mwendo wake anafunga leso kiunoni na kukuonyesha kwamba mifupa bado inasikia. Mlangoni hukaa mama mmoja na kapu lake, hapiti mtu na simu, kila mkoba unapekuliwa. Kamera inayoruhusiwa kupita ni moja, yangu. Kwa miaka mingi nimekula kwa ruhusa hiyo, na sikufichi, nilikuwa nikijiona.

Nilikuwa na sheria zangu na nilizitangaza kila nilipoitwa. Kompyuta yangu haina intaneti. Haikai dukani, inakaa chumbani kwangu Kibokoni, ghorofa ya pili. Nikitoka kazini nazihamisha picha, naifuta kadi ya kamera, nazitengeneza. Kisha mwenye shughuli analeta flashi yake mwenyewe, namjazia, na mbele ya macho yake nafuta kila kitu. Sikuweka akiba popote, kwa sababu nakala ya pili niliihesabu kuwa ni jicho la pili. Kina mama walizipenda sheria hizi. Walikuwa wakinielekeza kwa wenzao kwa kusema, "Mwite yule, yule ni kaburi."

Antivairasi nilikuwa nayo zamani, wakati kompyuta bado ina intaneti. Niliing'oa kwa hasira. Nilikuwa nikitengeneza video ya kupamba, mara pembeni mwa skrini kukatokea kijisanduku: kuna faili inatiliwa shaka, je, naruhusu itumwe kwa kampuni ikachunguzwe? Nilisoma mara tatu. Itumwe wapi? Ichunguzwe na nani? Nikamwona akilini mwanamume, na sijui kwa nini nilimwona na ndevu nyekundu, amekaa nchi ya baridi na kikombe cha kahawa, anamtazama mtoto wa watu wa mtaa wa Kuze akicheza bila mtandio. Siku ile ile nikaitoa programu na nikakata na intaneti, na tangu hapo nikawa naeleza kisa hicho kwa kujisifu.

Sasa niseme kuhusu ile hina.

Ilikuwa ya nyumba moja ya Mkanyageni. Bibi harusi alikuwa mtoto wa pekee. Mamake alikuwa ametoka kwenye matibabu marefu ya saratani, nywele zimeanza kurudi, fupi na laini kama za kitoto kichanga. Tangu augue alikuwa hakubali kuonekana kichwa wazi, hata na bintiye. Siku hiyo bibi harusi alikuwa chumba cha ndani, amelazwa mkekani, mikono na miguu imejaa hina mbichi, haruhusiwi kusogea. Nje uani ngoma ilikuwa imepamba moto. Ghafla yule mama akasimama, akavua mtandio, akaufunga kiunoni na kuingia kati kucheza chakacha.

Ua mzima ulilipuka kwa vigelegele. Wengine walilia huku wakicheza. Kule ndani bibi harusi akawa anapiga kelele, "Kuna nini? Nambieni kuna nini!" Shangazi yake akamjibu kutoka mlangoni, "Tulia mwana, hina itavurugika. Mamako yuwacheza. Utaona kwenye picha."

Nilipiga picha nyingi sana, nikipigana na jua la alasiri lililokuwa likipenya juu ya ukuta na kunichomea kila kitu kuwa cheupe. Mama alipochoka alinifuata na kunishika mkono, jasho linamtiririka.

"Zile za kichwa wazi ni za mwanangu," akaniambia. "Asione mtu mwengine. Wanisikia?"

"Nimekusikia, mama."

Jioni nikazihamishia kwenye kompyuta, nikaifuta kadi. Wiki iliyofuata kadi ile ile ilikwenda nami kwenye hina nyingine.

Baada ya wiki tatu yule mama alikuja mwenyewe. Nilimsikia akipumzika kila baada ya ngazi mbili tatu.

"Hodi humu."

"Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Ngazi zako zaua."

Nilimpa maji. Akafungua fundo la leso yake na kutoa flashi. "Hii ndiyo iliyokwenda kuchapishiwa kadi za arusi," akasema. "Imezunguka mji mzima, maskini. N'tilie humu."

Niliichomeka pale pale. Huwa sifikirii hata kidogo, nachomeka. Kisha nikamfungulia picha ajione. Alijitazama kwa muda, mkono kifuani. "Ee, kumbe nna kichwa kizuri!" akasema, akacheka mpaka akakohoa. Halafu akabadili mawazo. Hakutaka kuzichukua siku hiyo. Alitaka nimtie mwangaza kidogo usoni aonekane mzima. "Lakini usinitilie nywele," akanionya. "Hizi hizi." Flashi akaniachia, akashuka taratibu, na mimi nikarudi kwenye kazi zangu.

Kulipokucha hakuna picha iliyofunguka. Majina yalikuwepo, yamejipanga vizuri, na kila nililolibonyeza lilinipa ubao mtupu. Nilizima, nikawasha. Nikapiga bismillahi, nikajaribu tena. Kwenye ile flashi mlikuwa na kijifaili kisicho changu, jina lake herufi zisizosomeka, na kijifaili kama hicho sasa kilikuwa kimejaa katika kila folda ya kompyuta yangu. Nilikaa kitandani nikikitazama. Nilijua ni nini, na nilijua kimepita wapi.

Ningeweza kumpigia simu asubuhi ile. Sikumpigia. Yeye ndiye aliyepiga, siku ya tatu.

"Vipi mwanangu, zishakuwa tayari?"

"Bado natengeza mwangaza, mama."

Alipiga tena baada ya wiki, nikamjibu vilevile. Mara ya mwisho sauti ilikuwa ya kunong'ona. "Usitengeze sana," akasema. "Nipe hivyo hivyo." Nikamwambia inshallah wiki hii. Nilikuwa naona haya, na haya yenyewe hayakuwa juu yake. Niliogopa mji usije ukasikia kwamba kaburi limefukuliwa. Jumatatu yake alifariki, na akazikwa siku hiyo hiyo baada ya alasiri.

Nilikwenda msibani kama watu wote. Nilikaa mkekani kati ya kina mama, kitabu cha dua mkononi, nasoma mstari mmoja ule ule. Bintiye aliponiona alikuja kwa magoti mpaka karibu yangu. Hina ya harusi ilikuwa bado haijatoka vizuri kwenye kucha zake.

"Dada, picha unazo? Zile mamangu alizocheza?"

"Ninazo," nikasema. Nilidanganya kwenye msiba, mbele ya watu wanaosoma.

Kesho yake nikaifunga kompyuta kwenye leso nikaenda Makadara kwa fundi mmoja. Ni mtu wa bara, Mkristo, aliyekuja Mombasa kufuata kazi ya bandarini akaishia kufungua kompyuta za watu kwenye kiduka kilichobanana na mkahawa. Aliihangaikia asubuhi nzima, kisha akatikisa kichwa.

"Hizi zimeandikwa juu, dada. Ni kama ukuta uliopakwa rangi mara mbili. Hakuna kitu chini. Kadi ya kamera uko nayo?"

"Ninayo, lakini niliifuta."

"Kufuta sio kufuta," akasema. "Unaondoa jina mlangoni tu. Mwenye chumba bado yuko ndani mpaka aletwe mpangaji mwingine. Umepiga picha ngapi tangu siku hiyo?"

Nikamwambia, hina moja. Akasema basi huenda baadhi zimesalia. Ila itabidi azifungue moja moja azione kama ni nzima.

Nikamkatalia. Alipouliza sababu nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili, kana kwamba yeye ndiye aliyezipoteza. Alisikiliza mpaka mwisho, akanisogezea kiti, akatoka nje kunipa nafasi. Nikampigia binti wa marehemu na mara hii nikamwambia ukweli wote wa kuharibika kwa picha. Hakulia. Aliuliza tu.

"Fundi ni mwanamume?"

"Ni mwanamume."

"Wa kike hakuna?"

"N'meuliza kote, sikupata."

Nilisikia maji yakichuruzika upande wake, nadhani alikuwa akiosha vyombo.

"Mamangu alikwambiaje?"

"Alisema asione mtu ila wewe."

"Basi asione mtu," akasema. Kisha sauti ikamkatika. "Lakini mimi sikumwona, dada. Nyote mlimwona ila mimi. Tafuta njia."

Nilimweleza fundi. Alijikuna shingo, akatazama kiduka chake, halafu akavuta mlango nusu na kuigeuza ile meza, skrini ikatazama pembeni. "Kaa wewe hapa," akasema. "Mimi nitakaa pale." Akachukua kigoda, akakiweka kwenye kona, na akakaa uso ukutani, mgongo kwangu, mbele ya kalenda ya mwaka uliopita. "Nisomee kilichoandikwa, neno kwa neno. Nitakwambia ubonyeze wapi."

Hivyo ndivyo tulivyofanya siku mbili. Mimi Kiingereza changu ni cha kubahatisha, nikikwama naliendelezea neno herufi kwa herufi, na yeye anaiambia kalenda, "Bonyeza la pili kutoka chini." Mteja akija anamhudumia nje na kurudi kinyumenyume, kitu ambacho wakati mwingine kingenichekesha. Hakugeuka hata mara moja. Mimi ni mtu wa kushuku, nilimvizia kwenye kioo cha kabati, na hakugeuka.

Tukisubiri mashine imalize ndipo aliponiuliza, "Kwani antivairasi huna?"

Nikamweleza kisa changu cha kijisanduku na yule mtu wa ndevu nyekundu. Nilikieleza kwa madaha niliyoyazoea.

"Kile kisanduku kilikuwa na vitufe viwili, dada," fundi akaiambia kalenda. "Ndiyo na hapana. Ungebonyeza hapana."

"Na kukagua je? Si ingeendelea kuzitazama?"

"Haioni picha. Haijui huyu ni mtu ama ni embe. Inatafuta mwizi aliyejificha ndani ya faili, basi. Hiyo flashi ingeshikwa hapo mlangoni."

Nilihisi uso ukiwaka moto, na nikashukuru kwamba amenipa mgongo. Kwenye harusi nilimkubali mama wa kapu, nikampa mkoba wangu mwenyewe aupekue, na sikuwahi kudhani anafanya hivyo ili azijue siri zangu. Mlangoni kwa kompyuta yangu sikumweka mtu, na nikaita huko ndiko kusitiri. Nilimkumbuka yule binti wa semina akikaa chini.

Picha zikaanza kutoka. Ya kwanza sikuielewa. Alikuwa mwanamke mwenye gauni la kijani, nywele mpaka kiunoni, na hakuwa wa hina ile wala ya wiki iliyofuata. Alikuwa wa mwaka juzi. Nikafungua nyingine, wa mwaka juzi vilevile. Kisha wakaja wengi: waliopambwa, wanaopambwa, wanaonyonyesha pembeni mwa ukumbi, bibi aliyelala kitini mdomo wazi. Mmoja nilimjua vizuri sana. Ndoa yake ilivunjika, naye alikuja kwangu akilia, akanishika mkono na kuniapisha kwamba picha zake zote nimezifuta. Niliapa kwa Mungu. Sasa alikuwa mbele yangu, shanga shingoni, anacheka. Kadi ile nilikuwa nimeitia mkobani miaka yote, nimeisahau kwenye viti vya tuk-tuk nikarudi kuifuata, nimewahi hata kumwazima mpiga picha mwenzangu wa kiume kwa siku nzima. Wote walikuwa humo.

"Dada, zimetoka?" fundi akauliza.

"Zimetoka."

"Ndizo?"

"Sizo," nikasema. "Tuendelee."

Za mama zilitokea siku ya pili, kumi na moja tu. Tisa hazikufunguka. Moja ilikuwa leso na miguu. Moja alikuwemo yeye: nywele zile fupi zikimetameta kwa jua, paji la uso lina jasho, macho yamefinyika kwa kicheko. Kuanzia puani kushuka chini picha ilikatika, ikawa kijivu kitupu. Mashine ilikuwa imemfunika pale ambapo hakuwa na haja ya kufunikwa, na ikamwacha wazi kichwa alichokificha.

Fundi alinitilia antivairasi kwenye kompyuta, akanionyesha kile kitufe cha hapana, nikakibonyeza kwa mkono wangu. Alikataa niseme ahsante zaidi ya mara moja. Nilipofika nyumbani niliweka ile kadi juu ya jiwe la kusagia na kuiponda kwa mchi mpaka ikawa unga. Lakini wale wanawake sijawaambia. Nakutana nao sokoni, tunaulizana hali na watoto, yule aliyeniapisha hunishika mkono kila mara, na ulimi wangu unakuwa mzito. Najua lazima waambiwe. Kila wiki nasema wiki hii.

Picha nilimpelekea binti kwao Mkanyageni. Tulijifungia katika kile chumba cha ndani alimolazwa siku ya hina. Aliniuliza virusi vilitoka wapi, nikamwambia ni kwangu, ni uzembe wangu. Mambo ya flashi ya mamake atayasikia kwa Mungu, kwangu hatayasikia. Nikaifungua.

Alitazama muda mrefu. Aliweka kidole kwenye skrini, pale penye nywele.

"Kumbe zilikuwa zishaota," akasema.

Kidole kikashuka mpaka kwenye kijivu, kikasimama hapo.

"Yuwacheka?"

"Yuwacheka."

"Nambie basi, alichekaje? Wewe ulikuwa mbele yake. Mimi nilikuwa nimelala hapa na mahina yangu."

Nilifungua mdomo nimwambie. Nilijitahidi kuuleta ule uso mzima, na kilichokuja kilikuwa jua juu ya ukuta, na kidole changu kikizungusha mwangaza, na alama nyekundu ya betri kwenye kona ya kioo cha kamera. Nilitafuta tena. Yeye alikuwa akinitazama mdomoni, akingoja.

"Sikumwona," nikamwambia. "Nilikuwa nikimpiga picha."